Muulize Kuhusu Jana

Mkoani Mara, watafiti waliwauliza wakulima jambo moja kwa njia mbili. Kundi moja walilifuata kila wiki, msimu mzima: wiki hii nani alikwenda shamba lipi, na alifanya kazi kwa saa ngapi. Kundi jingine waliliacha mpaka mavuno yakaisha, kisha wakaliuliza kama tafiti nyingi za kilimo zinavyouliza: msimu huu uliopita, kila mtu alifanya kazi kiasi gani katika kila shamba? Vellore Arthi na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2018. Kwa kila mtu na kila shamba, saa za kazi zilizotajwa na walioulizwa mwisho wa msimu zilifika hadi mara nne ya zile zilizotajwa na walioulizwa kila wiki.

Mara nne, na ilikuwa mvua ileile na ardhi ileile. Kuna la kutia wasiwasi zaidi. Wale walioulizwa mwisho wa msimu walisahau pia kutaja baadhi ya mashamba na baadhi ya watu waliolima. Ukijumlisha kazi ya kaya nzima, kosa la kuzidisha na kosa la kusahau yanakaribia kufutana. Jumla inaonekana ni nzuri, kumbe kila kipande kilichoijenga kimepinda. Mtafiti anayetazama jumla pekee angeondoka ameridhika.

Sioni sababu ya kuwaita wakulima wale waongo. Waliombwa hesabu ambayo hakuna binadamu anayeitunza kichwani, nao kwa adabu ya kumjibu mgeni wakaikadiria. Kosa lilikuwa kwenye swali.

Makala hii ni kwa ajili yako unayejiandaa kuwauliza watu kuhusu maisha yao ya kila siku: mwanafunzi anayeandika tasnifu, ofisa wa shirika anayetaka kujua kama mradi wa maji umewapunguzia akina mama mzigo, muuguzi anayetaka kujua wagonjwa wake wanaishije na maumivu wakiwa nyumbani. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo. Mhojiwa akupe kumbukumbu zake. Hesabu fanya wewe.

Anza kwa kulifuta neno "kwa kawaida" popote lilipo kwenye dodoso lako. Chukua swali hili, ambalo limeulizwa vijijini mara nyingi kupita kiasi: "Kwa kawaida unatumia saa ngapi kwa siku kuchota maji?" Mama anayeulizwa ana siku ambazo bomba la kijiji linatoka na siku ambazo mota imeharibika. Kuna siku anakwenda mwenyewe, na kuna siku anamtuma mtoto akirudi shule. Ili akujibu kwa haki, azikumbuke siku hizo zote, aamue kama foleni ni sehemu ya kuchota au ni jambo la pembeni, ajumlishe, agawanye, kisha atamke namba moja wakati wewe umemkodolea macho na kalamu mkononi. Hatafanya hivyo, wala mimi nisingefanya. Atachukua siku moja inayomjia haraka, na inayomjia haraka mara nyingi ni ile iliyomuudhi kuliko zote, au atautazama uso wako, au ataitazama orodha ya majibu uliyomwekea.

Hilo la orodha lilionyeshwa wazi Ujerumani mwaka 1985. Norbert Schwarz na wenzake waliwauliza watu wanatazama televisheni kwa muda gani kwa siku. Baadhi walipewa orodha inayoanza na "hadi nusu saa" na kuishia "zaidi ya saa mbili na nusu". Wengine walipewa orodha inayoanza na "hadi saa mbili na nusu" na kuishia "zaidi ya saa nne na nusu". Katika kundi la kwanza, asilimia 16.2 walisema wanatazama zaidi ya saa mbili na nusu. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 37.5. Mhojiwa asiyejua hesabu yake huiona orodha kama taarifa: katikati ndipo walipo watu wa kawaida, nami si mtu wa ajabu, basi nitaweka alama karibu na hapo. Kwa hiyo mwache ataje namba mwenyewe, au bora zaidi, akusimulie, wewe utoe namba kwenye simulizi. Makundi ya majibu utayatengeneza ukirudi ofisini.

Lakini kabla hujaandika swali hata moja, amua unachokitaka ni kipi kati ya mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna maisha jinsi yanavyopita, na kuna maisha jinsi mtu anavyoyakumbuka. Donald Redelmeier na Daniel Kahneman waliwafuatilia wagonjwa waliokuwa wakifanyiwa kipimo cha kuingiza kamera kwenye utumbo mpana, wakawa wanaeleza ukali wa maumivu dakika kwa dakika. Baadaye wagonjwa waliulizwa kipimo kizima kilikuwaje. Matokeo, yaliyotoka mwaka 1996, yalionyesha kwamba jibu la baadaye lilifuata sana maumivu ya kilele na maumivu ya mwishoni; urefu wa kipimo haukuwa na uzito mkubwa. Aliyeumia kwa muda mrefu ila akamaliza kwa utulivu aliweza kukikumbuka kwa wema kuliko aliyeumia kwa muda mfupi akamaliza vibaya.

Ukitaka kujua kama mgonjwa atakubali kurudi kliniki, uliza kumbukumbu yake, kwa kuwa ndiyo atakayoitumia kuamua. Ukitaka kujua amebeba mzigo gani wa maumivu kwa siku, kumbukumbu ya jumla haitakusaidia. Itakubidi uwe karibu na tukio lenyewe. Wengi huuliza kumbukumbu, kisha wakaandika ripoti kana kwamba wamepima tukio lenyewe.

Kuna njia kadhaa za kuwa karibu na tukio. Miaka ya 1970, Mihaly Csikszentmihalyi na Reed Larson wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa watu peja, na kila kilipolia kifaa hicho, katika saa ambazo mhusika hakuzijua, aliandika yuko wapi, anafanya nini na anajisikiaje. Siku hizi simu inafanya kazi hiyo. Ukiichagua njia hii, zingatia fundisho la Russell Hurlburt, Mmarekani aliyeifanya kwa miaka mingi: unauliza kuhusu kile kilichokuwepo kabla tu ya mlio. Baada ya mlio mtu tayari ameshughulika na simu yako. Pia weka kikomo cha kujibu, tuseme nusu saa, na ikipita uhesabu kuwa amekosa. Dereva wa bodaboda asihisi hata kidogo kwamba anatakiwa kujibu akiwa barabarani. Mwambie hivyo kwa kinywa chako siku ya kwanza, na mwandikie tena.

Milio inayokosa majibu nayo ina maana yake. Mtu hajibu kwa sababu yuko kwenye foleni ya hospitali, anagombana na mwenye nyumba, amelala fofofo, au simu imezimika chaji, na hizo ndizo saa ambazo huenda ulizitaka zaidi. Mwisho wa siku mpigie umuulize kwa upole: saa ile tulipokukosa, ulikuwa wapi? Na usisahau kwamba wasio na simu, au wenye simu wasio na umeme, hawatakuwemo kabisa usipowafuata. Shirika la Twaweza lilipoanzisha Sauti za Wananchi, utafiti wake wa kuwahoji watu kwa simu Tanzania, liliwapa wahojiwa simu na chaja za nguvu ya jua. Ni gharama, ila ni gharama ya kumsikia mtu wa kijijini na yeye.

Kwa wengi wenu, hata hivyo, njia itakayofaa ni rahisi zaidi ya hiyo: kuuliza kuhusu jana. Mwaka 2004 Kahneman na wenzake wanne walieleza namna ya kuijenga upya siku iliyopita. Waliwachukua wanawake 909 walioajiriwa katika jimbo la Texas, wakawaomba waigawe siku ya jana katika vipande, kimoja baada ya kingine kama matukio ya filamu, kisha kwa kila kipande waeleze walikuwa wapi, na nani, wakifanya nini, na walijisikiaje. Safari ya asubuhi kwenda kazini ilitokea kuwa miongoni mwa vipande vyenye hisia duni kuliko vyote, jambo ambalo abiria yeyote aliyesimama kwenye daladala ya Mbagala atalikubali bila kuhitaji takwimu. Uzuri wa njia hii ni kwamba hisia inaulizwa mwishoni, baada ya tukio kurudi akilini. Mtu akishajiona tena amekaa pale, anakumbuka alivyokuwa.

Acha nikuonyeshe inavyokuwa. Mdadisi ni kijana wa kike, mhojiwa ni mama lishe wa Dar es Salaam. Wamekaa uani, mbali na wateja. Wameshasalimiana kwa shikamoo na marahaba, na ruhusa imeshaombwa.

"Jana ilikuwa Jumanne, mama. Uliamka saa ngapi?"

"Adhana ya alfajiri ilinikuta macho."

"Kitu cha kwanza kufanya?"

"Kuwasha jiko. Nikabandika maharage."

"Ikawa hivyo mpaka lini?"

"Mpaka bodaboda wangu alipopiga honi nje. Saa kumi na mbili ilikuwa imeshapita, maana mtoto wa jirani alikuwa anatoka na sare za shule."

"Maharage yalipokuwa jikoni, kuna kingine ulikuwa unafanya?"

"Si ndiyo nilikuwa namwogesha mjukuu, nafua na sare ya huyu mkubwa."

"Ukapanda bodaboda, mkaenda wapi?"

"Ilala, sokoni. Viazi na nyanya."

Wanaendelea hivyo mpaka usiku. Baadaye mdadisi anarudi kwenye kipande kimoja.

"Ulipokuwa umepanga vyombo, kabla wateja hawajaanza kuja. Ulikuwa unajisikiaje pale?"

"Pale nilikuwa na wasiwasi. Juzi mgambo walipita wakachukua meza za wenzangu."

Tazama yaliyopatikana. Mama hakuulizwa anafanya kazi saa ngapi. Angeulizwa, angeanza kuhesabu pale wateja walipofika, na saa nzima na zaidi ya jiko, mtoto na kufua ingepotea. Swali lile dogo, "kuna kingine ulikuwa unafanya?", ndilo lililoileta. Katika tafiti za matumizi ya muda, kulea mtoto huku unapika ndiyo kazi inayopotea kwa urahisi kuliko zote, na huwa inapotea kwa upande wa wanawake. Ukilitoa swali hilo ili kupunguza urefu wa dodoso, umeamua mapema kazi ya nani haitaonekana.

Tazama pia jinsi mama alivyoukumbuka muda. Hakuangalia saa. Alitumia adhana, honi, sare za shule. Mdadisi mzuri anakwenda na orodha ya nguzo kama hizo za eneo husika: kengele ya shule, daladala ya kwanza, taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kurudi kwa mitumbwi, kukatika kwa umeme kama kila mtaa unakukumbuka. Nguzo hizo zina nguvu kuliko dakika.

Kuhusu saa kuna mtego mmoja ambao umeharibu data nyingi kimyakimya. Mhojiwa anasema "saa mbili asubuhi". Mdadisi aliyechoka anaandika 2:00 kwenye kishikwambi. Kishikwambi kinaelewa saa nane usiku, na ghafla una kijiji kizima kinachokunywa chai usiku wa manane. Weka programu yako ioneshe saa kama watu wanavyozitaja, asubuhi, mchana, jioni na usiku, kisha ukaguzi wa kila jioni uwasake walioamka saa za ajabu. Siku nayo ina mtego wake. Pwani na visiwani wapo wengi ambao kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ililikwepa tatizo hilo kwa kuuliza habari za "usiku wa kuamkia" tarehe 23 Agosti: nani alilala hapa usiku huo. Ni swali la mfano wa kuigwa. Limetaja usiku mmoja, linahusu kitendo kimoja, na hata mzee asiyejua kalenda analijibu.

Jana moja ya mtu mmoja haisemi mengi kuhusu maisha yake. Jana za watu wengi, zilizotawanywa vizuri, zinasema mengi kuhusu jamii. Kutawanya huko ndiko kunakohitaji nidhamu. Mpangie kila mhojiwa siku yake kwa bahati nasibu kabla hujatoka ofisini, ili Jumatatu mpaka Jumapili zote ziwemo, siku ya gulio iwemo, mwisho wa mwezi na katikati ya mwezi viwemo. Usifanye utafiti wa chakula nusu yake Ramadhani na nusu yake baada ya Idi kisha ukasahau kulisema. Na mdadisi akimkosa mhojiwa, asimhamishie siku ya karibu anayopatikana. Arudi siku ileile ya wiki inayofuata. Mtu hukosekana nyumbani siku zake za pilika. Ukimkubali siku aliyotulia, utafiti wako utajaa watu waliotulia.

Kuna mambo ambayo jana haiwezi kuyabeba kwa sababu hayatokei kila siku: kuugua, kukopa, kugombana, kununua mbolea. Hapo utalazimika kurudi nyuma zaidi, basi rudi kidogo iwezekanavyo, na ujue kwamba kusahau hakuwapati watu wote sawa. Jijini Delhi, Jishnu Das na wenzake walilinganisha kuuliza magonjwa ya wiki na kuuliza magonjwa ya mwezi. Muda ulipoongezwa, magonjwa yaliyopotea zaidi yalikuwa ya maskini. Maelezo mojawapo waliyoyatoa ni kwamba kwa maskini kuugua kumekuwa sehemu ya siku, kiasi kwamba hakuachi alama. Hilo linaniuma kila ninapolifikiria. Dodoso la mwezi mzima linaweza kumfanya maskini aonekane na afya kuliko alivyo, na bajeti ya dawa ikafuata dodoso.

Shajara, yaani daftari ambalo mhojiwa hujaza mwenyewe kila siku, zinapendwa sana kwa sababu ni rahisi kwa mtafiti. Mimi siziamini zikiachwa peke yake. Arthur Stone na wenzake walieleza mwaka 2002 walivyowapa wagonjwa wenye maumivu sugu shajara za karatasi zenye kifaa kilichofichwa cha kutambua mwanga, kilichorekodi kila jalada lilipofunguliwa. Kwa mujibu wa tarehe na saa walizoziandika wagonjwa, asilimia 90 ya taarifa zilijazwa kwa wakati. Kifaa kilionyesha asilimia 11. Karibu theluthi moja ya siku, shajara haikufunguliwa hata mara moja, ilhali kurasa za siku hizo zilikuja zimejaa. Walijaza siku kadhaa kwa mkupuo, huenda wakiwa njiani kuja kliniki, kwa nia njema ya kutomwangusha daktari. Kundi jingine lililotumia kifaa cha kielektroniki, ambacho hakiruhusu kujaza siku iliyopita, lilifika asilimia 94. Kama huna budi kutumia daftari, basi lifuate: mdadisi apite kila baada ya siku moja au mbili, alikague, akae na asiyejua kuandika wajaze pamoja. Anayejua kuongea kuliko kuandika atume ujumbe wa sauti wa WhatsApp; muda wa kutumwa unajiandika wenyewe.

Nani aulizwe? Mhusika mwenyewe. Tafiti nyingi za kaya zinamuuliza mtu mmoja, mara nyingi mkuu wa kaya, kuhusu wote. Elena Bardasi, Kathleen Beegle na wenzao walilijaribu hilo hapa Tanzania katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, kwa kugawa madodoso ya ajira ya aina nne. Kiwango cha watu wanaohesabiwa kuwa katika nguvu kazi kilitofautiana kwa hadi pointi 10 za asilimia kutegemea dodoso lipi lilitumika na nani alijibu. Wanaume waliosemewa na wengine walionekana wanafanya kazi kwa uchache kuliko waliojisemea. Na dodoso fupi, lisilokuwa na maswali ya awali ya kuchekecha kazi moja moja, liliwapoteza wanawake wengi. Ukimuuliza baba "mkeo anafanya kazi?", atakujibu "hapana, yupo nyumbani tu", na mkewe yuko bondeni anapalilia mpunga. Uliza badala yake kuhusu vitendo: wiki hii amelima? Ameuza chochote, hata maandazi? Amesaidia dukani?

Kwa upande wa lugha, soma dodoso lako kwa sauti, na ukitoa jasho mahali, mhojiwa atakwama papo hapo. Maswali yenye kukana yanaleta balaa. "Jana hukula mchana?" Mmoja anajibu "ndiyo", akimaanisha ndiyo, sikula. Mwingine anajibu "hapana, sikula". Mdadisi anaweka alama mbili tofauti kwa njaa ileile. Uliza "jana mchana ulikula nini?", na aliyekosa atakuambia alikosa. Swali linalobeba mawili, kama "unaridhika na maji na umeme?", ligawe. Hisia usizianze mapema. Watu wetu wamefundishwa tangu utotoni kwamba ukiulizwa habari unajibu "nzuri", hata kama kuna mgonjwa ndani, na dakika tano baada ya salamu adabu hiyo bado iko kazini. Zungumzia siku kwanza, hisia zitafuata. Na wale mnaotumia mizani ya moja mpaka kumi kwa mtu ambaye hakusoma, mpeni maharage kumi ayagawe mwenyewe kwenye vibakuli. Mtaona anavyofikiri kabla hajaamua.

Faragha iangalieni kwa macho mawili. Jibu la mke mbele ya mkwe ni jibu la ukoo. Kama nyumba haina pa kujitenga, tembeeni naye mpaka kisimani, mpange foleni pamoja, muulize huko kwa sauti ya chini, au rudini siku nyingine. Mkiuliza kuhusu vipigo au huzuni nzito, muwe na pa kumpeleka atakayefunguka, na mdadisi ajue jina la mahali hapo na njia ya kufika. Vibali ni lazima: COSTECH na, kwa masuala ya afya, NIMR kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Siku ya mtu iliyoandikwa saa kwa saa ni taarifa nyeti kuliko jina lake. Itenganishe na jina mapema.

Jambo moja zaidi ambalo wanaofuatilia watu kwa muda mrefu hulisahau. Kuuliza kunabadilisha. Magharibi mwa Kenya, kaya zilizotembelewa mara kwa mara kuulizwa kuhusu maji na kuhara kwa watoto zilitia dawa kwenye maji zaidi, na zikaripoti kuhara kidogo, kuliko kaya zilizotembelewa kwa nadra. Alix Zwane na wenzake walilieleza hilo mwaka 2011. Ziara za mdadisi zilikuwa ukumbusho. Kwa afya ya watoto ni heri. Kwa mtafiti anayetaka kupima mradi ni tatizo, kwa kuwa hajui mabadiliko ameyaleta nani. Kwa hiyo tenga kundi dogo utakalolitembelea mwanzoni na mwishoni tu, ulilinganishe na wale unaowatembelea kila wiki. Na usimchoshe mtu. Dodoso la dakika 20 linalojibiwa kwa moyo linashinda la saa mbili ambalo mhojiwa ameshagundua kwamba kila akisema "hapana" kuna kurasa zinarukwa.

Hatua ya mwisho kabla ya kwenda uwanjani ni ile inayokatwa kwanza bajeti ikipungua, nami nakuomba uilinde. Tafuta watu wachache wanaofanana na utakaowahoji, waulize maswali yako, na kila wanapojibu ongeza: "Umeelewa nimeuliza nini? Umepataje jibu hilo?" Atakayekuambia "nimekadiria tu" amekuonyesha swali la kufuta. Kisha kaa mwenyewe, mdadisi wako akuhoji kuhusu jana yako kuanzia kuamka mpaka kulala, pamoja na hisia, matumizi ya fedha na yale unayoyaona ya aibu. Swali lolote utakaloshindwa kulijibu kwa ukweli, au utakalotamani kuliruka, usimpelekee mtu mwingine. Liandike upya.